Michezo ya Zamani Hairudishwi kwa Hadithi: Ushauri kwa Wazazi wa Ruiri

Likizo ya Agosti ikikaribia, na hasa ile ndefu ya mwisho wa mwaka, wasomaji huniuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Mama anataka kujua mpira wa makaratasi ulifungwaje hata ukadumu muhula mzima. Baba anakumbuka vizuri gari la waya alilolisukuma kutoka sokoni Ruiri hadi nyumbani kwao, lakini leo akishika waya hajui aanzie wapi. Wengine wana watoto waliozaliwa Nairobi, wakija mashambani wanajikunyata kando ya soketi ya umeme na simu mkononi, na nyanya yao anabaki kuwatazama tu.

Nitajibu kwa kirefu, lakini kiini chake ni hiki: usimpe mtoto mchezo uliokwisha kutengenezwa. Mpe vifaa, muda na wenzake wa kucheza nao, mwonyeshe hatua ya kwanza, kisha ukae kando. Mzazi anayeshinda akilikunja gari zuri na kumkabidhi mwanawe atalikuta limetupwa nyuma ya choo siku ya tatu. Mtoto aliyelikunja mwenyewe, hata likienda upande, atalilaza karibu na kitanda chake.

## Anza na wanaokumbuka

Kabla ya kutafuta waya, tafuta mzee. Upande huu wa Ruiri, ambako nchi inateremka na kukauka kuelekea Isiolo, wengi wa wazee wetu walikua wakichunga mbuzi na ng'ombe, na machungani ndiko michezo mingi ilikofundishwa. Wangali wanaijua. Shida ni kwamba tunawauliza vibaya.

Ukimuuliza mzee, "Mlicheza nini zamani?" atakujibu, "Tulicheza tu." Badala yake muulize hivi:

- "Babu, mkichunga, jua likiwa kali mlipumzika wapi, na hapo mlifanya nini?"
- "Nyanya, mkitumwa maji na foleni ni ndefu, mlijishughulisha na nini?"
- "Gurudumu mlilitoa wapi? Kamba je?"
- "Mkigombana, mligombania nini?"

Swali la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu ugomvi wa watoto huwa ni wa sheria. Mzee akikumbuka waliyemfukuza mchezoni kwa kuiba kete, sheria nzima ya mchezo itatoka pamoja na kisa hicho.

Tena mpe kitu mkononi. Mwekee kokoto kumi mbele yake, au kipande cha waya, au kifuniko cha soda. Nimeona bibi aliyekuwa akisema amesahau kila kitu, akapewa vijiwe vitano, akarusha kimoja hewani, akazoa vingine chini na kukidaka kile kabla hakijatua, huku akiendelea kumsema mjukuu wake kuhusu nguo chafu. Maelezo yalifuata baadaye.

Andika jioni hiyohiyo katika daftari: jina la mchezo kama linavyotamkwa kwa Kimeru, idadi ya wachezaji, vifaa, na sheria. Usisahihishe. Boma la jirani likiwa na sheria nyingine, andika zote mbili.

## Kikapu cha vifaa

Weka kikapu au katoni mahali ambapo mtoto anafika bila kuomba ruhusa. Ndani yake tia:

- waya mnene kiasi cha ule wa kuanikia nguo, na waya mwembamba wa kufungia nondo, unaouzwa kwa kilo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi
- patipati zilizokatika
- vifuniko vya soda, vya bati na vya plastiki
- soksi zisizo na wenzake, sweta iliyoraruka, vipande vya godoro la sponji
- kamba ya katani na vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu
- mikebe ya mafuta ya kupikia, mabua makavu, magunzi ya mahindi
- misumari michache, chaki na makaa

Sasa vya kukataza, na hapa sina mzaha hata kidogo:

- Kopo au mkebe wa dawa ya kunyunyizia mimea au kuogeshea mifugo. Hata ukioshwa mara ngapi, si wa kuchezea. Mashamba yetu yanatumia dawa hizi sana na mikebe hutupwa ovyo kando ya vichaka. Zunguka boma uiokote kabla watoto hawajaja.
- Waya wa umeme, hata ulioanguka chini. Mwambie mtoto asiuguse wala kuusogelea. Amwite mtu mzima. Zamani baadhi yetu tulisifiana kwa kupata waya wa nguzo. Tusiirithishe sifa hiyo.
- Seng'enge ya ua la jirani. Gari likitokana na ua lililokatwa, mbuzi wataingia shambani na mtakutana kwa chifu.
- Betri kuukuu za redio na tochi. Tulizipasua kupata ule unga mweusi wa kuchorea. Makaa yanatosha.
- Mbegu za mbarika, na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi. Zinavutia macho na zinafaa sana kuwa kete, lakini zote mbili zina sumu kali. Mtoto mdogo akitafuna chache anaweza kufa.

## Gari la waya, hatua kwa hatua

Hili ndilo linaloulizwa zaidi, basi nitakaa nalo. Mtoto wa miaka minane kwenda juu anaweza kulimaliza, mkubwa akimsaidia kukata.

1. Nyoosha waya kwanza. Uzungushe mara moja kwenye nguzo, shika ncha zote mbili, vuta huku na huku. Usiiruke hatua hii. Waya wenye makunyanzi hutoa gari lisiloenda sawa.

2. Kunja fremu. Mstatili wa sentimita 30 kwa 15 unatosha. Ncha zikutane katikati ya ubavu, sio kwenye kona, zipishane kidogo, uzifunge kwa waya mwembamba mizunguko sita au saba iliyokazwa kwa koleo.

3. Jenga bodi. Hapa mwachie mtoto. Akitaka pikapu, lori la mchanga au matatu, ni lake. Sharti moja tu: liwe na waya unaopita juu, kwani utashikilia usukani.

4. Funga ekseli ya nyuma. Ni waya ulionyooka, unaozidi fremu sentimita nne kila upande. Ifunge chini ya fremu isitikisike. Kitakachozunguka ni gurudumu.

5. Ekseli ya mbele haifungwi kwenye fremu. Katikati yake funga kwa nguvu ncha ya mti wa usukani. Mti huo upite ndani ya pete ya waya kwenye upande wa mbele wa fremu, kisha ndani ya pete nyingine juu ya bodi, halafu uendelee kwa mshazari hadi usawa wa kifua cha mtoto anayetembea nyuma ya gari.

6. Mti wa usukani uwe mmoja, ulionyooka. Tumia ufito mwembamba na mgumu. Ukipinda katikati, mtoto atazungusha usukani na magurudumu hayatafuata. Karibu kila gari nililoletewa eti "limekataa kona" lina kasoro hii.

7. Kata magurudumu kwenye soli ya patipati. Chora duara kwenye karatasi kwa kutumia mfuniko wa mkebe, likate, likunje mara mbili. Mikunjo inapokutana ndipo katikati hasa. Weka karatasi juu ya soli, toboa kwa msumari hapohapo, kisha ukate kufuata ukingo. Kisu kishikwe na mkubwa.

8. Tundu liwe pana kidogo kuliko waya. Pande zote mbili za kila gurudumu zungushia waya mwembamba uwe kizuizi, lisichomoke wala lisisugue fremu.

9. Usukani ni duara la waya lililoviringishiwa ukanda wa mpira wa ndani. Lifunge juu ya ufito, barabara, lisijizungushe peke yake.

Lijaribu kwenye mteremko mdogo, bila kulisukuma. Likielekea upande mmoja, angalia ekseli ya nyuma kabla ya kulaumu magurudumu. Mara nyingi imefungwa mshazari.

Makosa ninayoyaona kila mwaka:

- Kuacha ncha za waya wazi. Kila ncha ikunjwe ndani kwa koleo, kisha upitishe kiganja gari zima. Kikikwaruzwa, bado hujamaliza.
- Kupima usukani kwa urefu wa baba. Pima kwa mtoto.
- Kutumia waya mwembamba kila mahali ili kazi iwe rahisi. Gari litalala siku hiyohiyo.
- Kuwaacha wana tu watengeneze huku mabinti wakitazama. Binti akipewa koleo anakunja waya sawa na kaka yake. Na mwana akitaka kuvisha gunzi nguo awe mtoto wa kubembeleza, mwache.

Neno kuhusu barabara. Njia ya Meru kwenda Isiolo inayopita Ruiri ni ya lami, ina matatu, malori na bodaboda. Mtoto anayesukuma gari la waya anaangalia magurudumu yake. Hawezi kuangalia kitu kingine. Mwonyeshe mpaka kabisa: mti ule, geti lile, usivuke.

## Mpira baada ya juala

Mpira wa makaratasi tulioujua ulikuwa wa juala. Ndani karatasi au matambara, nje juala juu ya juala, halafu kamba. Tangu 28 Agosti 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, juala zimekuwa adimu, na wengi wanadhani mpira nao umekwisha. Haujakwisha. Isitoshe, kila ulipoisha kazi ule wa zamani ulibaki shambani, na ng'ombe waliumeza.

Unaofaa sasa unatengenezwa hivi:

- Kiini kiwe sponji ya godoro, ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, iliyobanwa. Ndiyo inayofanya mpira udunde kidogo.
- Viringisha matambara juu yake, kila tabaka likielekea upande tofauti na lililotangulia. Ukiviringisha upande mmoja tu utapata yai.
- Ingiza ndani ya soksi, isokote shingo, igeuze nje-ndani ifunike tena. Soksi mbili ni bora kuliko moja.
- Funga kamba ya katani kuzunguka mara moja, ugeuze robo, uzungushe tena, hadi iwe mistari inayokatana kotekote. Kila inapokatana piga fundo. Ni mafundo yanayoushika mpira. Kamba peke yake hulegea.

Mpira wa matambara hunyonya maji, na mvua za Machi hadi Mei, au za Oktoba hadi Desemba, zikianza utakuwa mzito. Uanike kivulini. Mtoto asiupige kwa kichwa ukiwa umelowa.

Wapo wanaouliza kama wanaweza kuyeyusha plastiki juu ya mpira ili kuusawazisha, kama walivyofanya utotoni. Msifanye hivyo. Moshi wake una madhara, na plastiki iliyoyeyuka ikidondoka kwenye ngozi inashika hapohapo na kuendelea kuchoma.

## Drafti ya vifuniko

Huu ni mchezo wa mchana, jua la Ruiri likiwa kali na kila mtu ametafuta kivuli. Pia ni rahisi kuuanzisha kuliko yote, kwa kuwa watoto wameshawaona vijana wa bodaboda wakiucheza wanapongoja abiria.

Chora miraba nane kwa nane kwenye katoni ngumu au ubao, kila mraba sentimita nne. Paka makaa mraba mmoja, ruka mmoja. Kila mchezaji ana kete 12. Huhitaji rangi mbili: wa kwanza huvilaza vifuniko vyake chali, wa pili hufudikiza. Kete ikifika mwisho na kuwa kingi, ibebeshe kifuniko cha pili mgongoni. Kwa hiyo kusanya vifuniko zaidi ya 24. Soda za chupa za glasi zimepungua, ila hoteli za sokoni bado zinaziuza. Omba vifuniko jioni wanapofagia.

Kabla ya mchezo wa kwanza, kubalianeni haya kwa sauti:

- Kula ni lazima? Asiyekula anaadhibiwaje?
- Kete ya kawaida inaweza kula kwa kurudi nyuma?
- Kingi hutembea hatua moja, au hukimbia ubao mzima?
- Ukigusa umecheza?

Majibu hutofautiana kutoka kijiwe hadi kijiwe, na nusu ya kelele za drafti hutokana na wachezaji wawili waliojifunzia vijiwe viwili.

"Nimwachie mtoto ashinde?" Naulizwa hili sana. Hapana, atajua, na ataacha kukuamini. Punguza kete zako: wewe anza na nane, yeye 12. Akikushinda mara mbili mfululizo, ongeza moja. Siku mtakapokuwa sawa, kila mmoja na 12 zake, amefika kwa jasho lake.

## Vishimo na kete

Mchezo wa kugawa kete kwenye vishimo umeenea Afrika Mashariki yote. Waluo wanauita ajua, Wakikuyu giuthi, Wamasai enkeshui. Pwani, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, bao la Kiswahili lina safu nne za vishimo vinane, vishimo 32 kwa jumla, na kete 64, ambazo aghalabu ni mbegu za komwe. Bao hilo ni gumu. Mzazi anayemwanzishia mtoto wa miaka saba bao la kete 64 atamfukuza mchezoni.

Anza na safu mbili. Lowesha ardhi kidogo, chimba vishimo sita kila upande, vinavyoenea ngumi ya mtoto. Tia kete nne kila kimoja: kokoto laini, maharagwe au mahindi makavu. (Mbarika nimeshaikataza.) Sheria ya kuanzia iwe hii:

1. Chota kete zote za kishimo kimoja cha upande wako.
2. Zigawe moja moja kuelekea kulia kwako, ukizunguka hadi upande wa mwenzako.
3. Kete ya mwisho ikiangukia kishimo chako kilichokuwa kitupu, zichukue zile za mwenzako zilizo mkabala nacho.
4. Zamu humwendea mwingine. Asiye na kete za kuchota amekwama, na mchezo umekwisha. Mwenye kete nyingi zaidi, za mkononi na za upande wake, ameshinda.

Watoto wakishaizoea, mwite mzee awafundishe yake. Atawacheka kwamba wanacheza kitoto, na hilo ndilo litakalowafanya watake kujua.

Jambo la kuangalia: mtoto anayehesabu kwa kunyoosha kidole kishimo kwa kishimo asiharakishwe. Baada ya muda kidole kitaacha kunyooka na macho yatahesabu yenyewe.

## Vya haraka, visivyohitaji maelezo mengi

Kifuniko kinachovuma. Ponda kifuniko cha soda kwa jiwe kiwe bapa, toboa matundu mawili karibu na katikati, pitisha uzi mrefu, funga ncha. Shika pande mbili, uzungushe usokotane, kisha vuta na ulegeze. Kinakata kikizunguka, kwa hiyo kisisogezwe usoni, na ukingo usuguliwe juu ya jiwe kwanza.

Gurudumu na kijiti. Tairi kuukuu la baiskeli au pikipiki. Likiisha kuchezewa litundikwe. Likilala nje linashika maji ya mvua na mbu wanazaliana humo.

Blada na kati. Blada ni ukanda wa mpira wa ndani uliounganishwa. Kati ni mpira mdogo wa soksi na uwanja tu. Mama wengi watashangaa jinsi miguu inavyokumbuka blada kabla ya kichwa.

Brikicho. Haihitaji kitu chochote. Kataza tu kujificha ndani ya tangi, kisima, friji mbovu na chini ya gari lililoegeshwa.

Manati. Nitasema wazi: mimi siipendekezi. Jicho halinunuliwi.

## "Lakini..."

*"Hii ni michezo ya umaskini. Nilisoma ili mwanangu asicheze na takataka."* Naielewa kauli hii, na wanaoisema wamefanya kazi kwa bidii. Lakini huko Rochester, jimbo la New York, Marekani, kuna jumba la makumbusho lenye orodha ya heshima ya vitu vya kuchezea vilivyogusa watoto wengi. Barbie na Lego wamo tangu 1998, na bano zimo tangu mwaka huohuo. Mwaka 2005 waliongeza sanduku tupu la katoni. Mwaka 2008 wakaongeza kijiti. Kijiti cha kawaida, cha kuokota. Hawakukiweka kwa kuwahurumia maskini.

*"Mbona nisinunue tu?"* Nunua vile usivyoweza kutengeneza vizuri: dadu, karata, ubao wa ludo na nyoka na ngazi. Vinapatikana madukani Meru mjini. Ludo ni mchezo mzuri kwa nyumba yenye watu wa rika tofauti, kwa sababu dadu haimjui mkubwa wala mdogo. Ila ukinunua kila kitu, mtoto atajifunza kungoja ununue.

*"Watachoka baada ya dakika kumi, warudi kwenye simu."* Siku ya kwanza, ndiyo, wengi watachoka. Usigombane na simu. Panga saa: drafti na vishimo adhuhuri kivulini, gari na mpira kuanzia saa kumi jua likipoa. Na usimwanzishe mtoto mmoja peke yake. Waalike wa jirani. Watoto wa Ruiri wanajua mengi kati ya haya, na mgeni kutoka Nairobi atajifunza kwao upesi kuliko kwako. Hakikisha tu hachekwi sana siku ya kwanza.

*"Hawana muda, wana kazi za shule."* Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika kote nchini 2019, unawataka wanafunzi watengeneze vitu kwa vifaa vya mazingira yao, na wazazi wengi mnajikuta usiku mkifunga mpira ambao mtoto alipaswa kuufunga. Aliyeshinda likizo akikunja waya hatakuamsha saa nne za usiku. Mruhusu aupeleke shuleni uliopindapinda, maadamu ni wake.

*"Mimi mwenyewe nilizaliwa mjini, sijui lolote."* Kaa chini ujifunze pamoja naye. Mtoto akiona baba yake anaelekezwa na babu, atastahimili kuelekezwa pia.

## Kutunza ulivyonavyo

Baadhi yenu mna vitu vya zamani hasa: bao la mti la babu, drafti iliyochongwa, gari la waya la ndugu aliyekwisha kufariki. Kwa hivyo:

- Mti usiwekwe sakafuni wala kuegemezwa ukutani. Mchwa wa huku hawachelewi. Utundike, au uweke juu ya mawe.
- Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, upake mafuta kidogo ya kupikia yasiyo na chumvi, usugue hadi yaingie. Usipake rangi wala vanishi juu ya alama za mikono ya waliotangulia.
- Waya ukishika kutu, sugua kwa majivu makavu, upake mafuta.
- Ubao wa ludo wa karatasi uliochanika ubandikwe katoni kwa nyuma kwa gundi ya unga uliopikwa, uukandamize chini ya vitabu usiku kucha.
- Funga kikaratasi: nani alikitengeneza, wapi, mwaka upi kama unajulikana. Kitu kisicho na jina hutupwa siku ya kuhama.

Mkiona kitu ni adimu na nyumbani hakuna wa kukitunza, jumba la makumbusho la Meru, pale mjini, ni mahali pa kwenda kuuliza ushauri kabla ya kumuuzia mpita njia.

Na gari lililovunjika lisitupwe. Fungua waya wote, unyooshe kwenye nguzo, urudishe kikapuni. Magurudumu mazima yahifadhiwe kwenye mkebe, madogo kwa madogo, makubwa kwa makubwa, kwa sababu kupata manne yanayolingana ndiyo kazi inayochukua muda mrefu kuliko zote.